Korora, Boti Aliyoiuza Selwyn kwa Shingo Upande

Selwyn Purdie alikuwa na roho mbaya, na nalisema hilo nikiwa rafiki yake wa miaka thelathini. Wapo hapa uwanjani wanaodai mzee alibadilika baada ya kuuza boti. Uongo mtupu. Alikuwa hivyo hivyo siku zote, ila zamani tulikuwa tunacheka naye.

Mimi ni mshona matanga. Karakana yangu iko mlangoni mwa uwanja wa boti hapa Whangārei, na kila boti iliyochoshwa na bahari kuu hupita mbele yangu kabla ya kupandishwa nchi kavu na kutundikwa kibao cha kuuzwa. Zinafika mwezi wa kumi na moja kutoka Tonga na Fiji zikikimbia vimbunga, na nusu ya wenyewe hushuka wakiwa hawasemezani na wake zao. Nimeshuhudia boti iliyozunguka dunia nzima ikiuzwa asubuhi moja kwa hasira tu. Kwa hiyo kuhusu boti kuukuu na watu wake, hakuna wa kunidanganya.

Selwyn alikuwa fundi bomba. Korora aliinunua kuukuu, futi thelathini na nane, kwa Mmarekani aliyefika nayo hapa na kuapa kwamba maji pekee atakayoyagusa tena ni ya kuoga. Selwyn akaifumua ndani yote. Kila pampu, kila koki, kila waya aliufunga kwa mkono wake. Miaka ishirini na sita yeye na mkewe Noeline waliishi humo, wakaenda Tonga mara tisa na kurudi. Alichokipenda zaidi ni ule mtambo wa nyuma, lile bapa linalosikiliza upepo na kushika usukani lenyewe ili watu walale. Aliuita "baharia wangu asiyekula."

Kisha Noeline akabadilishwa nyonga, na ngazi ya boti ikamshinda. Akamwambia mumewe achague, boti au yeye, na akampa muda hadi Pasaka. Selwyn akachagua kwa shingo upande. Wakapanga nyumba ndogo ya vyumba viwili kilimani, yenye zulia la kijivu, na toka siku hiyo mzee akawa na jambo moja tu moyoni: Korora irudi kwake. Wala hakulificha. Alisema atakayeinunua itamshinda kabla ya mwaka kwisha, na atamrudishia kwa bei ya mkate, na hapo Noeline hatakuwa na la kusema.

Walioinunua walikuwa Rewi na Tamsin Orbell. Walikuwa wakamuaji wa ng'ombe huko Waikato, wameamka alfajiri miaka kumi na mmoja wakidunduliza pesa ili siku moja wafike Tonga kwa tanga. Rewi alikuwa pande la mtu, mpole, anayeamini kila anachoambiwa. Tamsin alikuwa mdogo wa umbo na hakuwa na mazoea na mtu. Hawakujua mengi, ni kweli, lakini nani hapa alizaliwa anajua?

Selwyn aliwakalia kooni. Kila siku alishuka kutoka kilimani na kikombe chake cha chai, akasimama gatini kuwatazama wakijifunza. Siku Rewi alipokuwa anavuta kamba ya tanga kubwa, mzee akamwambia kwa sauti ya kusikika uwanja mzima, "Taratibu, kijana. Hiyo si chuchu ya ng'ombe."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mimi pia. Rewi mwenyewe alicheka. Tamsin hakucheka, akaendelea kukunja tanga. Basi jina likawashika, Wakamuaji, na kila walipopita kuna mtu aliyelia kama ndama.

Hapa kwetu muuzaji huenda baharini siku moja na mnunuzi. Hakuna karatasi inayosema hivyo, lakini sijawahi kusikia mtu akikataa. Mnabeba mikate na bia, mnazunguka visiwa, na muuzaji anamwonyesha mwenzake tabia za boti, maana kila boti ina zake na haziko kwenye kitabu chochote. Selwyn alikataa. Alisema goti linamuuma, akawakabidhi sanduku la vijitabu na funguo, akapanda zake kilimani kwa goti hilo hilo bila hata kuchechemea.

Halafu kuna kile kidude cha njano cha kuitia msaada. Ukikiwasha baharini, kinalia hadi kwenye setilaiti, na watu wa uokoaji wanatazama namba yake kwenye daftari: mwenye boti ni nani, wapige simu gani nchi kavu kuuliza boti iko wapi. Boti ikiuzwa, daftari hubadilishwa. Ni fomu ya ukurasa mmoja inayotaka sahihi ya muuzaji. Rewi alimpelekea fomu hiyo, mzee akaitia mfukoni. Rewi akamkumbusha mara mbili. Mara ya pili nilikuwepo.

"Nimeshamaliza, kijana," Selwyn alimwambia. "Mimi nilikuwa navuka bahari wewe hujaota meno."

Rewi akamshukuru. Alikuwa mtu wa shambani, kwake neno la mzee lilitosha. Fomu yenyewe Noeline aliiona nyuma ya birika la umeme siku kadhaa baadaye, akamuuliza mumewe kulikoni, akaambiwa aiache hapo hapo. Mimi Selwyn aliniambia bila haya: maadamu jina lake limo daftarini, Korora bado ni yake. Nilimwona mjinga, sikumwona hatari. Sikufungua mdomo.

Mwezi wa tano, siku ya Jumatatu, Tamsin alikuja peke yake kuchukua tanga nililokuwa nimemrudishia mishono. Aliniuliza kama litahimili upepo mkubwa. Nikamwambia litahimili. Akasema wanataka kutoka siku nne hivi, mbali na pwani, wajipime kabla ya Tonga. Wiki hii au ijayo, upepo ukikubali.

"Usimwambie mtu, mama Val," alisema. "Wataanza tena. Tukirudi ndiyo tutasema."

Walikuwa wamehamishia Korora chini kwenye kona ya mto ili wasitazamwe. Kutoka kwenye nyumba ya klabu yetu ya wenye boti huwezi kuiona kona hiyo hata ukipanda juu ya paa. Kila mtu anajua.

Alhamisi mchana tulikuwa klabuni, watu kumi na wawili hivi, tunachoma soseji. Simu ya Selwyn ikalia. Aliiweka mezani kwa sauti ya juu, maana masikio yake yamechoka, kwa hiyo wote tulisikia. Mtu wa uokoaji alisema kwa adabu kwamba kidude cha boti Korora kinalia. Kilikuwa cha zamani, kisichosema kiko wapi, na setilaiti ya kwanza ilikisikia kwa shida. Akauliza, boti iko wapi?

Selwyn akatukonyeza. Akasema boti iko mtoni, imefungwa, na kwamba wameiazima wakamuaji wawili ambao bila shaka wamekiwasha wakidhani ni mashine ya kukamulia. Meza nzima ikaangua kicheko. Alisema wameiazima. Hakusema ameiuza.

Yule mtu akauliza kama ana hakika. Kama ameiona mwenyewe.

"Naiona hapa nilipokaa," akasema Selwyn.

Akamwambia pia kwamba atashuka kwenda kukizima. Mtu wa uokoaji akashukuru, akakata simu. Mzee akachukua mkate mwingine, akapaka haradali.

Nilijua kwamba haoni kitu. Nilijua pia kuhusu ile wiki hii au ijayo. Nikamwambia labda ashuke kweli akatazame, akanijibu kwamba kama Wakamuaji wametoka mto huu basi yeye ni Papa wa Roma. Watu wakacheka, nikacheka. Halafu nikala. Soseji mbili, na kitunguu. Nikaosha vyombo kwa sababu ilikuwa zamu yangu. Ilikuwa inakaribia saa tisa nilipovaa koti na kushuka hadi kwenye kona, na pale palikuwa na boya tu, na bata.

Nilipiga simu mimi. Sikumbuki niliwaambia nini. Nakumbuka yule mtu aliniuliza tena jina la boti, ingawa alilijua.

Yaliyotokea huko nje Tamsin alinieleza baadaye, akiwa ametulia kuliko mimi. Ule mtambo wa usukani una pini nyuma inayolegea bahari ikichafuka. Selwyn aliifunga kwa kamba nyembamba miaka yote. Wao walipousafisha mtambo waliona kamba chafu wakaikata, na hakuna aliyewaambia ni ya nini. Ni jambo ambalo ungelionyeshwa siku ya kwanza, kabla hata ya kufungua bia. Pini ikachomoka. Rewi akainama nyuma ya boti kuirudisha, mkono haukufika, akajifungua mkanda wa usalama ili afike. Wimbi likamchukua.

Tamsin alimtupia boya. Kisha akakiwasha kile kidude na kumtupia nacho, kwa akili kabisa, ili ndege ikija iende kwa mumewe, si kwa boti. Alimwona akikishika. Alimwona akiinua mkono. Upepo ulikuwa unaisukuma Korora mbio, matanga yote juu, usukani umelegea, na hadi alipofanikiwa kuyashusha peke yake, nyuma kulikuwa na mawimbi matupu.

Ndege ilimkuta Rewi jua likikaribia kuzama. Alikuwa amekifunga kile kidude kifuani kwa mkanda wa suruali, kingali kinalia. Daktari alisema baridi ndiyo iliyomuua, na kwamba alikuwa amekufa kwa muda usiozidi saa moja.

Helikopta ilimchukua Tamsin. Korora ikaachwa huko, na siku tisa baadaye wavuvi waliikuta inaelea, wakaivuta hadi hapa. Haikuwa na mkwaruzo. Vikombe vilikuwa vimetundikwa mahali pake.

Kwenye uchunguzi wa kifo hicho Selwyn alisema alikosea kuona, kwamba alidhani mlingoti wa jirani ni wa kwake. Waliomhoji waliandika hivyo. Sisi wengine wa siku ile tulikaa kwenye viti vya nyuma, na hakuna aliyesimama kusema kwamba kutoka klabuni hakuna mlingoti wa kwenye kona unaoonekana. Tungeulizwa tulikuwa tunacheka nini. Noeline hakuhitaji kuulizwa. Alipeleka ile fomu mwenyewe, imekunjwa, ina doa la chai, akaiweka mbele yao. Wiki hiyo hiyo alihamia kwa dada yake Timaru. Mzee alikaripiwa kwa maandishi, akarudi kwenye zulia lake la kijivu.

Mwezi wa saba Tamsin alikuja na begi moja. Akaniomba nimwite Selwyn karakanani kwangu na niwe shahidi. Nilidhani anakuja kumtukana, na nilitaka amtukane, na mimi nikiwa karibu nipate sehemu yangu. Hakuinua sauti hata kidogo. Alitandaza karatasi juu ya meza yangu ya kukatia matanga.

"Nakupa Korora, mzee," alisema. "Bure. Soma, kisha weka sahihi."

Nilimkodolea macho Selwyn nikingoja akatae. Nilimwombea akatae. Mtu yeyote angekataa, hata jambazi. Yeye alivaa miwani, akasoma ukurasa wa kwanza, akalowesha kidole, akasoma wa pili. Akaurudia wa kwanza kwa kidole, mstari kwa mstari, na mimi namjua, hayakuwa majuto peke yake. Kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Mtambo wa usukani umeharibika sana?"

Mungu anisamehe, nilitaka kumpiga kwa mkasi.

"Pini tu," Tamsin alimjibu.

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaweka sahihi. Tamsin akafungua begi na kutoa kile kidude cha njano, bado kimebandikwa karatasi ya polisi, akakiweka mezani.

"Nimekiandikisha upya," alisema. "Mwenye boti ni wewe. Namba ya simu ya nchi kavu ni yangu. Siku ukikiwasha, mimi ndiye watakayemuuliza uko wapi."

Selwyn alivua miwani. Akaifuta kwa ncha ya shati.

"Utawaambia nini?" aliuliza.

"Sijui, mzee. Labda nitakuwa nakula."

Akafunga zipu ya begi, akanishika mkono, akaenda kupanda basi la Hamilton, kurudi kwao Waikato. Selwyn alizikunja karatasi zake na kuzitia ndani ya koti. Kile kidude hakukigusa. Kipo mezani kwangu mpaka leo, na nikikata matanga nazungusha kitambaa pembeni yake.