Nyumba Moja, Taa Moja: Safari Yangu ya Cato Manor

Wenzangu husafiri kufuata harusi, matibabu au biashara. Mimi nilisafiri kwa ajili ya transfoma, na sioni haya kusema hivyo.

Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa na ofisi ya umeme katika mji wetu mdogo wa milima ya Usambara. Kazi yangu ilikuwa kuzungumza na wateja, maana yake kutukanwa kwa niaba ya ofisi. Mtaa ulionitukana zaidi ni Bondeni, na walikuwa na haki yao. Kila umeme ulipokatika kutwa nzima kisha ukarudi, ulirudi kwa kishindo: transfoma yao ikalipuka, wakakaa gizani miezi. Ya kwanza iliungua, ya pili ikafuata. Siku alipoifunga ya tatu, mhandisi wetu Mrisho aliniambia mbele ya watu, "Bi. Zaina, hii nayo ikiungua, Bondeni warudi kwenye koroboi. Sina nyingine."

Kituo cha afya kilikuwa kwenye laini hiyohiyo, pamoja na friji yake ya chanjo na chumba cha kujifungulia. Nilikuwa nimezaliwa mtaa ule na mama yangu bado aliishi pale. Nilizunguka na kipaza sauti mpaka koo likakauka: umeme ukikatika, zimeni vyombo vyote. Watu waliniapia kwamba wanazima. Transfoma zikaungua vilevile, na sikuelewa kwa nini.

Ndipo binamu yangu Hamisi, aliyekuwa akiuza kofia na mikanda Durban, akaniambia kwenye simu kwamba huko mitaa mipya inafundishwa kujiandaa na dharura za umeme, na wanaofanya vizuri wanapewa zawadi. Nikaomba likizo. Bosi wangu akazungumza na idara ya umeme ya kule, wakakubali kunipokea. Mama alinifungia maandazi na neno moja: "Usirudi na maneno matupu."

Njiani nilijifunza uvumilivu kwa lazima. Nilipanda treni ya Zambia kutoka Dar es Salaam, kisha mabasi: Lusaka, Harare, Johannesburg. Miguu ilivimba, maandazi yakaisha kabla ya mpaka wa pili, na jirani yangu wa kiti, mama wa Mbeya mwenye mizigo ya vitenge, aliniuliza nafuata biashara gani. Nilipomwambia nafuata umeme alisogeza mizigo yake kidogo.

Asubuhi ya kufika Durban, Hamisi alinipokea na kunipeleka moja kwa moja kwenye meza yake, Warwick Junction. Sijaona soko la namna ile: mizizi na magome ya dawa upande huu, vichwa vya ng'ombe vikichemka upande ule, wabeba mizigo wakipita na mikokoteni kama wana ugomvi na barabara. Hamisi alinunua mahindi ya kuchemsha, akasema, "Dada, tutachelewa kufika nyumbani Umbilo. Robot zote zimekufa kwa mvua ya jana."

Nilimpa pole. Nilidhani ni watu. Alicheka hadi akakaa chini, ndipo akanieleza kwamba robot ni taa za barabarani.

Siku iliyofuata nilikwenda idarani. Ofisa wa mipango, Bi. Govender, mwanamke mfupi mwenye sari ya kijani na mwendo wa haraka, alinieleza kazi yao kwa Kiingereza cha polepole. Nyumba maskini ziliunganishiwa umeme kwa bei iliyopunguzwa. Nyumba ya chumba kimoja ilifungiwa kibao chenye swichi na soketi tayari, na mita ya kulipia kabla. Mtaa ambao fyuzi ya transfoma yake ilidumu majira yote ya mvua ulipewa balbu zinazotumia umeme kidogo, bure, na jina lake likapakwa rangi kwenye nguzo. Niliuliza kuhusu dharura.

"Kwenu nani anawakumbusha watu umeme ukikatika?" akauliza.

"Mimi, na kipaza sauti."

"Na ukishaondoka na gari lako?"

Akaniambia niende mtaa wa Cato Manor, nikae na wenyewe; kwa mawingu yale, umeme ungekatika siku hiyohiyo.

Mchana Hamisi alinifikisha kwa Mama Bea, Mkongo wa Lubumbashi aliyepanga chumba Cato Manor. Aliuza vitambaa Warwick, na kwenye mtaa wake alikuwa mmoja wa akina mama waliopewa filimbi na idara, kila mmoja na nyumba zake za kuangalia. Mvua ilikuwa imeanza. Alinikaribisha kwa mikono miwili, kisha akasema kwa masikitiko, "Dada, utatusamehe, chai hakuna. Kura imepotea."

Mwaka ule wa uchaguzi mabango ya wagombea yalikuwa kila nguzo. Nikashtuka. "Imepotea? Imeibiwa?"

"Mvua ndiyo imeiba."

"Mvua inaibaje kura?"

"Eish! Inaiba kila mara. Lakini itakuya. Jioni kura itakuya, batu bote banajua."

Nilimgeukia Hamisi, ambaye alikuwa anauma ngumi asicheke. "Kura ni umeme, dada," akasema. "Ni Kifaransa chao hicho. Kwa Mama Bea hata jiko linapiga kura."

Tulicheka wote watatu, na ule ukawa mwanzo wa urafiki. Mama Bea alitoka na filimbi yake, mwavuli wa kazi gani, akapita mlango hadi mlango. Nilimfuata. Hakuhutubia. Alichungulia tu ndani na kuuliza kwa Kizulu chake cha sokoni, na wenyeji wakamwonyesha: waya wa jiko umechomolewa, wa pasi umechomolewa, swichi ya balbu moja imewashwa. Aliyesahau alipigiwa filimbi ya mlangoni, majirani wakamzomea kwa mapenzi.

Tuliporudi chumbani nilifanya kile ninachofanya tangu utoto. Nilinyoosha mkono nikabonyeza swichi ya ukutani kuona kama umeme umerudi. Giza. Nikabonyeza tena. Mama Bea aliudaka mkono wangu.

"Sasa umeiacha wazi ao umeifunga?"

Sikujua kama nimeiwasha au nimeizima. Na hapo, wapendwa wasomaji, transfoma zetu mbili zilipita mbele ya macho yangu. Sisi huzima vyote kweli, kama nilivyowaambia. Kisha kila mpita njia hubonyeza swichi kuona kama umerudi, hubonyeza soketi ya jiko, hubonyeza ya pasi, na baada ya saa kadhaa hakuna ajuaye kipi kiko wazi. Umeme ukirudi unakuta nusu ya mtaa imeuwekea mdomo wazi kwa pamoja. Kipaza sauti changu ndicho kilichowafundisha kuzima ile taa ambayo ingewaambia kwamba umeme umerudi.

"Ndiyo maana taa moja inabakia," Mama Bea akasema. "Hiyo ndiyo shahidi. Nyumba moja, kura moja. Ikiwaka, tunaimba wimbo moja mpaka mwisho, alafu ndiyo tunaanza kuchomeka, mumoja mumoja."

Jioni balbu iliwaka juu ya vichwa vyetu. Nilitoka nje mbio. Mlima mzima wa Cato Manor ulikuwa na nukta za mwanga, moja kila nyumba, na hakuna aliyegusa kitu. Kutoka nyumba hadi nyumba walikuwa wanaimba. Wimbo ulipokwisha ndipo redio na majiko vikafuata taratibu. Fyuzi ilishika. Mama Bea alinisukuma bega, akasema, "Sharp. Sasa chai iko."

Sikuwahi kunywa chai tamu kama ile.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu vilevile, ila niliiona fupi. Niliitisha mkutano Bondeni kabla hata ya kufua nguo za safari. Mzee Shemdoe, fundi cherehani ambaye hakuna mkutano uliowahi kumshinda, alisimama. "Umevuka nchi zote hizo uje utufundishe kuacha taa ikiwaka?" Watu wakaangua kicheko.

"Ndiyo, baba. Na nikuulize: umeme ukikatika, pasi yako huwa wazi au imefungwa?"

Akakaa chini. Kicheko kikahamia upande wake.

Tuliteua akina mama wa kila safu ya nyumba, mama yangu akiwa wa kwanza kudai filimbi. Wimbo tuliuacha, maana Waislamu na Walutheri wangegombania uwe upi. Badala yake tulikubaliana kituo cha afya kiwe cha kwanza kuwasha, kisha muuguzi agonge ringi la gari lililoning'inizwa pale, na hiyo ndiyo ruhusa. Zawadi ofisi haikuwa nayo. Nikamwomba Mrisho rangi tu, ya kuandikia nguzo.

Masika yakaja, na nguzo ikaanguka huko bonde la chini. Umeme ulikatika alfajiri, ukarejeshwa magharibi. Mrisho alikuja na gari, ngazi na fyuzi ya akiba, uso wa mtu anayekwenda msibani. Tulisimama wote wawili chini ya transfoma.

Taa ziliwaka. Moja kila nyumba, kutoka dukani hadi msikitini, na kwa mama yangu. Hakuna kilichoongezeka. Tuliusikia mvumo mdogo juu yetu, kisha ringi likagongwa kituoni, na mtaa ukaanza kung'aa nyumba kwa nyumba bila haraka. Transfoma iliendelea kuvuma kama kawaida.

"Vipi?" Mrisho akauliza, hajaamini bado.

Machozi yalikuwa yananitoka nami nacheka.

"Kura zimetosha," nikamwambia, "lete rangi."