Nilipima damu ya kaka yangu ili nijue siku atakayompiga mama

Wakuu, salama humu?

Hili nimelikalia muda mrefu. Sitaongeza chumvi, maana hata bila chumvi linanitisha.

2013 nilikuwa mtu wa maabara kwenye zahanati moja binafsi, Kibondo. Nyumbani tulikuwa watatu: mama, mimi na kaka Yeremia, ambaye ana bipolar, ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka. Akiwa sawa, hakuna mpole kama yeye. Ikimpanda, anapiga. Mwaka uliotangulia alimvunja mama mkono kwa mpini wa jembe.

Daktari mmoja wa Kasulu, katika maongezi tu, akanidokeza kuwa kuna watafiti wanaochunguza kama damu ya wagonjwa hawa huonyesha dalili za uvimbe mwilini hasira zinapopanda.

"Ila bado haijathibitika," akasema.

Hilo la mwisho sikulisikia. Nilikuwa na mama wa kumlinda.

Nikaanza kumpima kaka ESR kila Ijumaa. Kwa msiojua: damu inasimamishwa kwenye mrija mwembamba saa nzima, halafu unaangalia chembe nyekundu zimeshuka kiasi gani. Zikishuka haraka, mwilini kuna uvimbe, yaani mwili unapambana na kitu.

Mara ya kwanza ziliposhuka haraka, Jumapili yake akavunja mlango. Mara ya pili akamkaba jirani.

Nywele zilinisimama. Kuanzia hapo, damu ikishuka haraka tu, mama anafukia panga kwenye mihogo mikavu.

Kaka naye akaanza kuja maabara mwenyewe. Anakaa mbele ya mrija saa nzima, hata kupepesa macho hapepesi.

"Mdogo wangu, inasemaje? Nitampiga mama?"

Mchana kweupe, wakuu, na mimi nikajifanya naandika kwenye daftari.

Ijumaa moja damu ilishuka kuliko nilivyowahi kuona. Kaka alikuwa kimya mno. Nikaleta kamba. Hakubisha, alininyooshea mikono mwenyewe.

"Funga. Damu imeshasema."

Kesho yake asubuhi mama alimpelekea uji, nikasikia ananiita mwanangu kwa kilugha chetu, anapiga kelele: "Mwana wanje, njoo! Uyu anaungua!"

Kumwangalia, ana homa kali, paja limevimba. Jipu, ndani kwa ndani, pale alipochomwa sindano ya kumtuliza siku chache nyuma.

ESR hupanda, yaani damu hushuka haraka, kwa jipu, TB, malaria, kwa karibu kila kitu. Nilifundishwa chuoni, mwaka wa kwanza! Hakuwa na hasira yoyote. Alikuwa mgonjwa, nami nikamfunga kama mbuzi. Hospitali walimwokoa kwa shida.

Nilichojifunza: kipimo kimoja hakimsomi mtu. Kilichomtuliza kaka ni dawa na kuhudhuria kliniki. Tangu 2014 hajamgusa mtu.

Lakini hadi leo, akipata hata mafua tu, anabeba mkeka anahamia shambani peke yake. Mama akimfuata na chakula, anamkimbia asije akampiga.

Wenye ndugu kama huyu, niambieni hapo chini: mtu unamtoaje woga wa damu yake mwenyewe, ikiwa aliyemtia woga huo ni wewe?