Yusto, Mpiga Kinanda Wetu

Nayakumbuka matanga ya Yusto kuliko onyesho lolote tulilowahi kupiga, mwanangu, na kwa kuwa nimesikia umejiunga na kundi la muziki kule Mikumi, keti kwanza nikueleze.

Nilikuwa mwimbaji wa bendi yetu hapa Kilosa. Tulipiga roki, muziki ambao wazee wa mtaa wetu wa Magomeni waliuita ugomvi wa magitaa, na hawakukosea sana. Hemedi, mpiga gitaa na kiongozi wetu, alitaka sauti yake ipae juu ya zote. Mpiga ngoma naye hakukubali kuzidiwa, nami nilipaza koo hadi likauma. Ndipo akaja Yusto kutoka kijiji cha Kidete, kijana aliyejifunzia kinanda kanisani, mpole, asiyependa kusimama mbele.

Hakutugombeza. Nikianza kuimba, aliinua mkono wa kulia na kuuacha wa kushoto upige peke yake, polepole, mpaka hata Hemedi akaona haya na kushusha gitaa lake. Siku moja aliniambia, "Dada Tabu, usishindane na gitaa. Liache liseme, likinyamaza utasikika." Tangu hapo tukaanza kualikwa Mikumi, kwenye kumbi za kando ya barabara kuu, na madereva wa malori walichelewesha safari ili watusikilize. Sifa zilikwenda kwa Hemedi na kwangu. Yusto hakulalamika.

Masika fulani mto Mkondoa ulifurika. Yusto alikwenda Kidete kumtoa mama yake. Alimbeba mgongoni hadi kwenye tuta la reli, akamweka pakavu, kisha akarudi kumfuata jirani yao, mzee asiyeweza kutembea. Hawakurudi wote wawili. Yusto alipatikana maji yalipopungua, katikati ya shamba la mahindi. Tulichokiona pale sitakueleza.

Matanga yaliwekwa Magomeni, kwa mjomba wake. Tulikwenda na vyombo vyetu tukidhani tutamliwaza mama. Hata hatujaketi, Hemedi na mpiga besi wakaanza kubishana uani nani sasa atapanga nyimbo. Mama Yusto akatoka. Tukamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nipigieni wimbo mmoja wa mwanangu."

Tulishika vyombo. Hakuna aliyeanza. Hemedi alimtazama mpiga ngoma, mpiga ngoma akanitazama mimi. Kumbe miaka yote ni Yusto aliyekuwa akitufungulia njia kwa ule mkono wa kushoto, na hatukulijua hilo hadi siku ile. Hemedi akajaribu, tukaingia kila mtu kivyake, ikawa kelele. Mama akainua mkono.

"Basi, wanangu. Yusto akija nyumbani alinisimulia habari zenu. Tabu koo linamsumbua. Hemedi amefiwa na mtoto, hataki kuulizwa. Nanyi niambieni, mwanangu alikuwa anapenda nini?"

Mpiga besi akasema, "Alipenda kinanda, mama."

Mama akaingia ndani. Tukamsikia akilia.

Mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Tulimpata mpiga kinanda mwingine, mwenye vidole vyepesi hata kuliko Yusto, lakini kila mmoja wetu alirudia kupiga kwa ajili yake mwenyewe, na bendi ikafa bila hata ugomvi wa kuagana. Hemedi hakushika gitaa tena. Mimi nilizoea kwenda kwa Mama Yusto Jumapili hadi alipofariki, na ndiye aliyenifundisha mwanawe alikuwa nani: aliogopa umati, alitapika kabla ya kila onyesho, alifuga njiwa. Hayo yote niliyajua Yusto akiwa kaburini.

Basi, mwanangu, sikia. Kidole kimoja hakivunji chawa, na katika kundi lenu yupo anayevishikilia vidole vingine, huenda hata hasikiki. Mtafute sasa. Muulize amekula nini, anaogopa nini. Jifunze anachokifanya, asije akaondoka nacho. Hotuba za makaburini hazimfikii mtu.

Mungu akupe masikio yanayoizidi sauti yako, akulinde na maji na barabara, na siku yako ikifika, wenzako wakuzike wakikujua.