Mzizi Chini ya Ulimi

Kwetu Kharumwa mpaka leo nikipiga miayo watu wanacheka, na siwalaumu, maana aibu ile niliitafuta mwenyewe.

Mwaka ule ukame ulitumalizia ng'ombe, tukatoka wanaume sita kwa miguu kwenda kuomba kazi mgodini Geita, na njiani mimi (mbatizwa mpya, najua kila kitu) nilimsimanga Mzee Ng'wandu kwa hirizi aliyovaa shingoni mpaka akaivua na kuitupa porini, huku mfukoni mwangu nina mzizi niliopewa na mayu, mama yangu, ule ambao kwetu mtu huuweka chini ya ulimi akienda mbele ya mtemi ili ombi lake lisikataliwe. Asubuhi ya kupimwa afya mgodini nikauweka. Sikukumbuka kwamba mtemi hamwambii mtu apanue kinywa.

"Panua. Sema aaa," akasema daktari Mzungu, akanikandamiza ulimi kwa kijiko, na mate yakachuruzika mekundu (mzizi ule ukilowa hutoa rangi). Akarudi nyuma, akaziba pua kwa leso.

"Umeanza lini kutema damu?" akauliza dresa, msaidizi wake. "Unakula na nani?"

Nikaubana mzizi kwa ulimi. Jirani yangu Shija, mtu asiyejua uongo, akajibu, "Na sisi, bwana. Sita, chungu kimoja tangu nyumbani."

"Kifua kikuu," daktari akasema. "Wote sita warudi kwao."

Shija ana watoto wanne, na nyumbani mtama umekwisha. Niliogopa, na badala ya kusema kweli nikaamua kuumeza mzizi nisijulikane, nao ukanikwama kooni, pumzi ikakata, macho yakanitoka, watu wakanikimbia wote isipokuwa Mzee Ng'wandu, aliyenipiga mgongoni ngumi mbili mzizi ukaruka ukaangukia juu ya daftari la daktari.

"Nini hiki?"

"Dawa, bwana," nikasema, na mstari mzima wa waomba kazi unasikia. "Ya kupendwa na wakubwa."

Walicheka mpaka dresa akaketi chini. Daktari hakucheka, alinisukutulisha maji mara tatu, akachungulia koo upya, kisha akatuandika kazi wote sita.

Nje nikamwomba Mzee Ng'wandu radhi.

"Yangu ilikuwa ya shingoni, mwanangu," akasema. "Haikumkaba mtu."

Tangu siku ile sijamvua mtu hirizi yake, na kwa daktari naenda na ulimi mtupu.