Nondo Waliotoka Kwenye Mchele wa Posa

Jamani, leo nacheka, lakini siku ile ningepata shimo ningejifukia mwenyewe. Nilikuwa naenda kujitambulisha kwa kina Kabula, Wasukuma wa Michenga, na mimi kijana wa Ifakara nikaona siwezi kubeba mpunga kama mtu anayekwenda mashineni, nikaukoboa mapema kabisa ili wakwe wauone weupe wake (sifa zitaniua), nikashona gunia, nikalisukuma chini ya kitanda. Safari ikaahirishwa kwa ajili ya mafuriko, ikaahirishwa tena. Vipepeo wadogo wa kijivu wakaanza kuzunguka taa chumbani, nikawa nawapiga kwa kandambili tu, wala sikujiuliza wanatoka wapi.

Kumbe nalalia ukoo mzima! Wale ni nondo wa mchele: wanataga mayai, mayai yanakuwa viwavi, viwavi wanautafuna mchele huku wakiufunga mabonge kwa utando, wanajiviringisha humohumo, halafu wanatoka na mabawa, nao wanataga.

Basi tumekaa, nimeshaamkia wote, shangazi yake Kabula akasema, "Hebu tuuone huo mchele wa Ifakara." Nikakata uzi mwenyewe, kwa mbwembwe. Weee! Likatoka wingu la nondo, mmoja akatua kwenye kikombe cha maziwa cha baba mkwe, mjomba wangu (ndiye msemaji wetu) akaanza kuwafukuza kwa kofia, akaliangusha gunia, kuku wote wa pale wakaja kudonoa viwavi miguuni petu.

Nikaropoka, "Shikamoo baba (mara ya pili hiyo), ni dalili haujawekwa dawa!"

"Nimeona," baba mkwe akajibu, akimtoa nondo kwa kidole. Hakucheka. Akamgeukia binti yake, kama ilivyo desturi: "Kabula, wageni hawa unawafahamu?"

Akisema hapana, tunarudi bila mke. Na Kabula anacheka, machozi yanamtoka, neno halitoki, nami nimekaa na nondo sikioni, roho juu.

"Huyo namfahamu, baba," akasema mwishowe. "Mchele wake ndio siufahamu."

Mji mzima ukaangua kicheko, mzee naye. Nikapewa ungo nipepete mbele ya wakwe, nikapepeta hadi jioni, kwa furaha kabisa.

Tumeoana. Siku hizi mpunga wangu unakaa na maganda yake, nakoboa wa kula tu, na nikienda ukweni nabeba sukari, tena ya pakiti, iliyofungwa kiwandani.