Usingizi wa Baba Ulivyoponya Kufuli

Saa nne asubuhi. Simu ya kinyozi inalia, na mzee aliyekuwa anasinzia kwenye benchi anazinduka, ananyanyuka na kwenda moja kwa moja kitini. Kumbe kitini kuna mtu. Mzee anajikuta amekaa mapajani pa mteja mwenye povu kidevuni.

"Mzee wangu, tubanane tu, tutatosha," mteja anasema, na duka zima linaangua kicheko.

Anayecheka kuliko wote ni binti wa mzee huyo, aliyeketi pembeni na kompyuta magotini. Ana sababu: kichekesho kama hicho, mwaka jana, ndicho kilichomwokolea kazi.

Mtaani wanamwita Fundi Kufuli, ingawa hajawahi kugusa mlango wa mtu. Makufuli yake ni ya programu, yamo ndani ya hifadhidata inayotunza tiketi za kampuni ya mabasi. Wakala mmoja anapouza kiti, kufuli hukishikilia ili wakala mwingine asubiri zamu yake. Lakini mwaka jana viti vilianza kuuzwa mara mbili mbili, na abiria wakakaribia kushikana mashati.

"Waliniambia, mwezi ukiisha bila dawa, mkataba basi," anakumbuka. "Kazi nyingine niliyoipata ilikuwa mji wa mbali. Sasa baba ningemwachia nani? Tangu mama atutoke, tumebaki wawili tu."

Alisoma msimbo wa programu mpaka macho yakawa mekundu, asione kitu, ng'o! Siku moja akampeleka baba kunyoa, simu ikalia, na mzee akafanya yake.

"Nilipiga ukelele, 'Ndiyo hii!' Kinyozi nusura amkate mtu sikio."

Kosa la hifadhidata lilikuwa lile lile la mzee. Programu inayosubiri kufuli huwa imelala. Ikikatizwa na ishara yoyote, hata kengele ya saa ya mfumo tu, ilikuwa inazinduka na kudhani imeitwa, ikajiingilia wakati nyingine bado imo ndani. Dawa yake ilikuwa mistari michache: ukizinduliwa, uliza kwanza kama ni zamu yako, kama siyo, rudi ukalale.

Tangu hapo hakuna kiti kilichouzwa mara mbili, na kampuni imemwongezea mkataba wa miaka miwili. Furaha yake haifichiki. Huimba hata anapoandika msimbo, na anaimba vibaya.

Sasa anataka kugeuza chumba cha uani kuwa ofisi, afanye kazi huku baba yuko karibu.

"Fungua tu, mwanangu," baba anasema, akijirudisha benchini. "Ila simu iache nje."

Haukupita muda, usingizi umemchukua tena. Mteja mpya anaingia, mlango unagonga ukuta, na mzee anafumbua jicho moja. Safari hii hasimami. Anamtazama binti yake.

"Zamu yangu?"

"Bado, baba. Lala."

Naye analala.