Kifua cha Nguo ya Bi Widad

Sasa hivi Kahonzi anacheka. Ukimkuta dukani kwake Gede, nyuma ya steji, miwani imeshuka puani na futi ya kupimia iko shingoni, ukamtajia ile nguo ya Mpalestina, ataacha kukanyaga cherehani na kupiga makofi. "Weee! Mungu aliniona siku ile!" Lakini Januari hiyo hakukuwa na kicheko.

Kahonzi ni Mgiriama wa upande wa Ganze. Ufundi aliupata Mariakani kwa shangazi yake, mwanamke asiyejua kusema "vizuri" hata kwa kusingiziwa. Sasa ana miaka thelathini na moja kwenye cherehani. Ameshona sare za nusu ya watoto wa Gede, majoho ya kwaya, nguo za maharusi, na hando za akina mama wa Kigiriama, zile zenye marinda mengi ya kuchezea ngoma. Msifu kwa sura, ataona haya. Msifu kwa mkono wake wa sindano, atakubali bila kubisha. Na abishe kwa nini, wakati ni kweli?

Bi Widad alikuja Jumatatu, wiki ile ile ya kufunguliwa shule, duka limejaa sare za bluu mpaka mlangoni. Ni mwanamke wa miaka sabini hivi, mke wa mfamasia wa Malindi aliyekwenda kusoma Kairo zamani, akarudi na shahada mkono mmoja na bibi arusi huyu wa Kipalestina mkono wa pili. Amekaa Malindi miaka arobaini na ushei. Kiswahili chake ni kile cha mjini, cha kuvuta maneno; ukifumba macho utaapa kazaliwa Shela.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja na roho yangu hapa, uishike vizuri."

Akafungua shuka, na ndani ya shuka mlikuwa na gauni refu la kitani, jeupe lililogeuka rangi ya chai ya maziwa. Kifuani palikuwa na kipande kizima cha darizi ya hariri nyekundu, vijishono vidogo vidogo vilivyopishana, miti mirefu imepangwa safu, na kati yake maua. Kahonzi aliinama mpaka pua ikagusa. Hakuna cherehani duniani ambayo ingeweza kufanya kazi ile.

"Kitinda mimba wangu, Rihab, anaolewa," alisema Bi Widad. "Ijumaa ni hina yake, na ataivaa hii. Kwapa limeachia kidogo, vidole vinne tu. Shona kwa mkono, mwanangu. Usiitie cherehani, nakuomba. Ni ya bibi yangu. Kijiji chao kilikuwa karibu na Yafa, kwenye mashamba ya michungwa. Walitoka mwaka wa arobaini na nane, vita viko mlangoni, na hawakuruhusiwa kurudi. Leo hakuna nyumba hata moja iliyosimama. Hii ndiyo tuliyonayo."

Sasa, pale dukani alikuwepo Gitau, mwenye duka la misumari na rangi mlango wa pili, mtu wa Murang'a, mzee wa kanisa, mwema sana ila mdomo wake hauna breki. Alikuwa akingoja suruali yake.

"Mama, samahani," akasema. "Hawa Wapalestina si ndio Wafilisti, watu wa Goliathi? Na mbona nasikia wengine wakisema hakuna watu kama hao, eti jina limetungwa juzi?"

Kahonzi alitamani ardhi ipasuke immeze pamoja na sare zake. Lakini Bi Widad alivuta kiti akakaa, kama mtu aliyeulizwa bei ya nyanya.

"Kaka, chagua moja. Ama tuko tangu Goliathi, ama tumezaliwa juzi. Huwezi kutuchapa kwa fimbo zote mbili."

Gitau akacheka mwenyewe.

"Wafilisti walikuja kwa bahari," Bi Widad akaendelea, "wakakaa upande wa Gaza, halafu wakayeyuka ndani ya watu wengine. Lililobaki ni jina la nchi. Wagiriki wakalitumia, Warumi wakaliandika. Sisi ni wajukuu wa wote waliolima pale wakazikwa pale. Wamo Wakanaani, wamo Wayahudi waliobatizwa, wamo Wakristo waliosilimu, wamo Waarabu waliokuja wakaoa. Babu zetu walisema Kiaramu, baadaye wakasema Kiarabu, na shamba ni lile lile. Na Wayahudi nao wana mizizi pale, mimi sikatai, ila mizizi yao haifuti yangu. Kujiita taifa, haya, hilo si la zamani sana, kama mataifa mengi tu. Lakini gazeti la Falastin, yaani Palestina, lilichapwa Yafa tangu mwaka 1911, Waturuki wangali wanatawala. Babu yangu hakujua kusoma. Alisomewa mkahawani."

"Ya gazeti sikuyajua," Gitau alisema, akachukua suruali yake na kuondoka akijikuna kisogo.

Jumanne ndiyo siku ya msiba. Tumsemee Kahonzi ukweli: hakudharau agizo, alichoka. Akina mama walikuwa wamejazana mlangoni, kila mmoja anataka sketi ya mtoto wake sasa hivi, mmoja mpaka anatishia kumshtaki kwa chifu. Akaitazama ile nguo ya kitani. Vidole vinne tu! Nani atajua? Akaitia cherehani.

Sindano ilipiga mara tano hivi. Mara ya sita kitambaa kikaachia. Kahonzi akakivuta akiokoe, na hapo ndipo alipoharibu kabisa, maana kilichanika kutoka kwapani mpaka kiunoni, kraaa, na upande wa juu ufa ukapanda kuelekea kwenye darizi. Ukasimama vidole viwili tu kabla ya kuifikia.

"Mama yangu wee!" Aliwaambia wateja duka limefungwa, na yule wa chifu aliposema neno, akatazamwa kwa jicho lililomfanya aende zake.

Menza, mumewe, alipomletea chakula cha mchana alimkuta ameketi sakafuni, nguo mapajani. Menza ni mkulima wa mihogo na maembe, mtu wa njia za mkato.

"Sema panya."

"Panya gani anayechana kwa mstari, Menza?"

"Basi sema ilikuwa imeoza."

"Ilikuwa imeoza, kweli. Lakini niliambiwa nisiitie cherehani, nikaitia. Huo ndio uchafu wenyewe."

Menza akamsogezea sahani ya wali. Kahonzi hakuigusa.

Kitambaa kilikuwa hakishikiki tena. Ukigusa hapa, kinaachia pale, na ufa ukipanda kidogo tu, darizi nayo itakwenda. Kahonzi akapiga moyo konde. Akatwaa wembe, akaanza kukata nyuzi zilizoshikilia kile kifua cha darizi, mmoja mmoja, pumzi ameibana. Kikatoka kizima. Kisha akatafuta kitani cheupe kilichobaki alipowashonea hoteli moja ya Watamu vitambaa vya meza, akakata gauni jipya kwa vipimo vya lile la zamani, na Jumatano nzima na Alhamisi asubuhi akalishona kwa mkono na kukitia kifua kile cha zamani. Hakumwuliza mtu. Kosa la kwanza kalifanya kwa haraka, la pili kwa kutokuwa na njia.

Sindano ikienda, maneno ya Gitau yakawa yanamrudia. Eti jina limetungwa juzi. Shuleni, mwalimu aliwafundisha kwamba hata jina la Mijikenda lilishika kwenye miaka ya arobaini. Kabla ya hapo waliitwa Wanyika, watu wa porini, na hakuna aliyelipenda. Bibi yake Kahonzi alizaliwa kabla ya jina hilo. Je, hakuwa mtu? Hakuwa na kwao? Na Wagiriama wenyewe husimulia kwamba walitoka Singwaya, kaskazini huko, ndipo wakaingia kaya zao, vile vijiji vya msituni. Basi mtu aje leo amwambie kwa sababu hiyo wao ni wageni Ganze! Angerushiwa mkasi.

Akili hiyo haikumsaidia, ilimwongezea uchungu tu. Maana sasa alijua amechana nini.

Alhamisi alasiri alifika Malindi na furushi lake kwapani. Nyumba ya Bi Widad ilikuwa imejaa wanawake wanaochambua mchele na kubishana juu ya sahani. Bi Widad akamwona uso, akamshika mkono, akamwingiza chumbani na kufunga mlango.

"Mama, niliitia cherehani," Kahonzi akasema, hata salamu alisahau. Akaziweka zote mbili kitandani, lile gauni lililochanika na lile jipya lenye kifua cha zamani. "Uliniomba, nami nikaitia. Nipige ukitaka."

Bi Widad alikitwaa kwanza kile kitambaa kilichochanika, akakinusa, akakiweka. Kisha akalichukua gauni jipya, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole pembezoni mwa darizi, taratibu, pande zote nne. Kahonzi alikuwa analia waziwazi, kamasi na kila kitu, mtu mzima wa miaka hamsini na tatu.

"Nani kakufundisha?" Bi Widad akauliza.

"Kunifundisha nini, mama?"

"Kaa chini kabla hujaanguka. Tazama matundu haya ya sindano. Safu hii ni ya bibi yangu, aliposhona nguo ya kwanza kule kijijini. Hii ni yake tena, ile ya kwanza ilipochakaa kwa kuchuma machungwa. Na hii ni ya mama yangu, kambini Jordan, mwaka wa hamsini na mbili. Kitambaa ulichokichana ni cha kambini. Kwetu nguo ikichakaa, kifua hutolewa kikatiwa kwenye nguo mpya. Wanawake wote walifanya hivyo."

Kahonzi alikuwa ameyaona matundu yale, akadhani ni ya kuliwa na wadudu. "Kwa hiyo sijaharibu?"

"Agizo langu umeliharibu, na kwa hilo nitakusema mpaka kufa kwangu!" Bi Widad akacheka, halafu kicheko kikamgeuka, naye akalia. "Lakini nguo hujaiharibu. Miaka ishirini kitambaa hiki kinaoza sandukuni mwangu, nami naogopa kutia wembe. Niliogopa nikikigusa hakitakuwa cha kwao tena. Watu hutazama kitambaa badala ya darizi, wakasema, aa, hiki ni cha juzi. Hata mimi nilianza kutazama kama wao."

Ahaa, mzigo uliomtoka Kahonzi pale! Akashusha pumzi aliyokuwa nayo tangu Jumanne. Wakakumbatiana, wakapangusana machozi kwa ncha moja ya mtandio. Zikaletwa sambusa, na Kahonzi, ambaye siku tatu hakugusa chakula, akala sita bila haya.

Rihab akaitwa, akajaribishwa. Gauni lilimkaa sawasawa, na wanawake wa sebuleni wakapiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Alijitazama kiooni, akageuka huku na huku, akacheka. Bi Widad peke yake hakucheka.

"Vua," akasema.

"Mama! Imenikaa!"

"Vua. Kitani hiki kipya nacho kitaoza, na siku hiyo mimi sitakuwepo. Kahonzi atakuonyesha kifua kinavyotolewa."

"Mama, hina ni kesho!"

"Ndiyo maana tunaanza leo. Kaa."

Basi wakakaa mkekani, fundi wa Gede na bibi arusi wa Malindi, jua lingali dirishani. Kahonzi akampa wembe. "Usikate kitambaa, mwanangu. Kata uzi tu, mmoja baada ya mmoja." Rihab hakuwa amewahi kushona hata kifungo. Alifumua shibiri moja, ulimi nje, kisha akaambiwa arudishie. Alichukua karibu saa nzima, na mishono yake ilikuwa mirefu, mifupi, mingine imelala upande kama walevi.

Kahonzi aliivumilia alivyoweza. Ni kazi iliyotoka mkononi mwake, na kesho watu watakuja kuitazama kwa karibu. Akanyoosha mkono na sindano yake airekebishe.

Bi Widad akaushika mkono ule.

"Iache," alisema. "Hiyo ni safu yake."